Kidole na triga: namna ya kufyatua bunduki ya rangi isiyo na betri

Watu wengi wanaoshika bunduki ya rangi kwa mara ya kwanza, iwe ni kikundi cha ofisi kutoka Kisumu au wanafunzi wa Njoro waliochanga pesa za wikendi, humaliza hopa nzima, yaani kile chombo cha juu chenye vidonge 200 vya rangi, kabla hawajamgusa mtu hata mmoja. Kisha lawama huanza: mtutu umepinda, vidonge vimekaa sana, gesi imeisha. Baadhi ya lawama hizo huwa za kweli na tutazifikia. Ila chanzo cha kawaida zaidi ni kidole, hasa ile sehemu ya kazi yake ambayo mtu haifikirii: kuiachia triga irudi mpaka mwisho.

Tunazungumzia hapa bunduki za kimakanika peke yake. Katika bunduki ya kielektroniki triga ni swichi. Ukiigusa kidogo, saketi inamaliza kazi iliyobaki kwa mpangilio uleule kila mara. Katika bunduki ya kimakanika kidole chako ni kiungo cha mtambo wenyewe. Ukivuta nusu, mtambo unafanya kazi nusu. Ukiachia nusu, unarudi nusu. Ndiyo maana mbinu ya kidole haieleweki bila kwanza kujua ni vyuma gani vinasukumana huko ndani.

Nyundo, kikamatio na vali

Bunduki nyingi za kukodi ni za aina ya nyundo inayorudishwa na gesi. Tippmann 98 Custom ni mfano unaofahamika sana. Ndani mna nyundo ya chuma iliyokandamiza springi. Kinachoizuia isiruke ni kipande kidogo cha chuma chenye ukingo mkali, tukiite kikamatio. Ukivuta triga, inasukuma upande mmoja wa kikamatio, upande wa pili unashuka na nyundo inaachiwa. Springi inaitupa mbele, inagonga vali, vali inafunguka kwa muda mfupi sana, na gesi inatoka pande mbili: mbele, kukisukuma kidonge mtutuni, na nyuma, kuirudisha nyundo ikamatwe tena. Bolti, chuma kinachokisukuma kidonge kuingia mtutuni, imeunganishwa na nyundo, kwa hiyo vyote viwili huenda na kurudi pamoja.

Sasa angalia jambo hili. Nyundo inaporudi, kidole chako bado kimeivuta triga. Kama kikamatio kingebaki chini, nyundo isingekamatwa na bunduki ingefyatua mfululizo yenyewe. Ili kuzuia hilo, tundu la pini ya kikamatio limerefushwa kidogo: nyundo ikishaachiwa, kikamatio kinateleza, kinaponyoka kwenye triga na kuinuka tena tayari kuidaka. Maana yake, baada ya kila mlio triga na kikamatio vimeachana, na havikutani tena mpaka uiachie triga isogee mbele kiasi cha kutosha. Ukikimbiza kidole ukavuta kabla ya hapo, triga inasogea bila kukuta kitu. Hakuna mlio. Mchezaji hudhani bunduki imekufa, huvuta kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo haisaidii chochote.

Unaweza kukihisi kituo hicho cha marejeo bila kutumia kidonge hata kimoja. Vaa maski. Toa hopa, fyatua hewani upande usio na mtu mpaka uhakikishe hakuna kidonge ndani, kisha ondoa mtungi na umalize gesi iliyobaki kwenye bunduki. Valisha mtutu soksi yake, kile kifuko cha kuziba mdomo wa bunduki. Koki kwa mkono, yaani vuta mkono wa kukokia nyuma mpaka nyundo ishikwe, kisha vuta triga taratibu, na nyundo ikishalia usiiachie triga. Ukiwa bado umeishikilia, koki tena. Sasa iachie kidogo kidogo, milimita kwa milimita, ukisikiliza. Kuna mahali utahisi mguso mdogo kwenye ncha ya kidole, pengine na sauti ndogo ya chuma. Hapo ndipo triga imekishika kikamatio upya. Rudia mpaka kidole kipajue mahali hapo bila macho. Kidole kinachojua kituo cha marejeo hakina haja ya kuruka nje ya triga kila baada ya mlio, na hakiwezi kuvuta mapema mno.

Safari nzima ya triga basi ina sehemu nne: ulegevu wa mwanzo usio na kazi, ugumu pale inapoanza kukisukuma kikamatio, kuachiwa kwa nyundo, na mwendo wa ziada unaobaki mpaka triga igonge nyuma. Nyingi za bunduki za kukodi zina ulegevu mrefu na ziada ndefu vilevile. Usipambane navyo. Pitisha ulegevu haraka, tulia kwenye ugumu, kamilisha.

Bunduki inayokokiwa na kidole chako

Familia ya pili ni ya Autococker na zinazofanana nayo, zilizotoka kwa Worr Game Products ya Marekani, na hapa ndipo kidole cha pupa kinapoadhibiwa vikali zaidi. Triga ina kazi mbili kwa mvuto mmoja. Sehemu ya kwanza ya mvuto inaachia nyundo, kidonge kinatoka. Ukiendelea kuvuta, triga inasukuma vali ndogo ya njia tatu iliyo mbele ya bunduki. Vali hiyo inapeleka gesi kwenye silinda ndogo, silinda inarudisha kipande cha nyuma, bolti inafunguka, nyundo inakokiwa na kidonge kipya kinadondoka. Bolti itabaki wazi muda wote ukiwa umeishikilia triga. Ukiiachia, vali inageuka na bolti inafunga.

Ukivuta sehemu ya kwanza tu na kuachia, umefyatua lakini hujakoki. Mvuto unaofuata hautatoa kitu. Ukivuta mpaka sehemu ya pili lakini ukaachia haraka kabla kidonge hakijashuka chote, bolti inafunga juu ya kidonge kilicho nusu mlangoni na kukikata. Rangi inajaa chumbani na mtutuni, na kila kidonge kinachofuata kinateleza kwenye rangi hiyo na kupinda njia. Kwa hiyo kwenye familia hii mvuto ni mpaka mwisho kabisa, kituo kifupi sana cha kuhisi triga imegonga nyuma, kisha kuachia kwa ukamilifu. Mtu aliyezoea hivi hupata mdundo mzuri wa vidonge viwili au vitatu kwa sekunde bila kukata hata kimoja, na usahihi wake hupendeza.

Familia ya tatu, ambayo ni mpya zaidi, haina nyundo kabisa: triga inafungua vali ndogo na gesi yenyewe ndiyo inayoisogeza bolti. Planet Eclipse EMEK iko katika kundi hili. Mvuto wake ni mwepesi na mfupi, jambo linalomdanganya mgeni kwamba anaweza kugusagusa tu. Vuta kwa uamuzi mmoja, achia kabisa. Yaliyobaki ni yaleyale.

Mkono, na kwa nini vidonge huenda pembeni

Kosa la kushika ni kubana mpini kwa mkono mzima. Misuli inayokunja kidole cha shahada inashirikiana na ya vidole vingine, kwa hiyo kila ukivuta triga huku umebana, kiganja chote kinakaza na mtutu unasukumwa pembeni. Ukubwa wa kosa hilo ni rahisi kuukadiria. Mtutu ukigeuka digrii 1 tu, kwenye umbali wa mita 20 kidonge kitakuwa kimekosea kwa takriban sentimita 35. Digrii hiyo ni chini ya sentimita moja ya msogeo kwenye mdomo wa bunduki, ikiwa mdomo uko nusu mita kutoka mkononi. Macho hayauoni msogeo huo, mlengwa anausikia ukipita kando ya sikio.

Shika mpini kwa kidole cha pete na cha mwisho, kidole gumba kikipumzika upande wa pili. Mkono wa mbele ndio ubebe uzito wa bunduki. Mtungi au kitako kikae begani. Weka nyama ya pingili ya kwanza ya kidole katikati ya triga, si kwenye mkunjo wa kiungo, kwa sababu mkunjo huvuta kuelekea kiganjani na kuupeleka mdomo upande. Kisha bonyeza moja kwa moja nyuma, kama mtu anayepima parachichi kama limeiva: nguvu inaongezeka taratibu, hakuna kudona.

Kwenye triga ndefu ya vidole viwili, wengi huuliza kuhusu kutembeza vidole, yaani cha shahada na cha kati kupokezana harakaharaka. Mbinu hiyo ilistawi na bunduki za kielektroniki ambazo triga yake husogea milimita chache tu. Kwenye mtambo wa nyundo inaweza kufanyika, lakini hali yake ni kwamba kidole kimoja kitoke kabisa kabla cha pili hakijaanza. Vidole viwili vikipishana ovyo, triga haifiki kituo cha marejeo na unapata ule mvuto mtupu tulioueleza. Maoni yetu: anayeanza avitumie vidole vyote viwili pamoja kama kidole kimoja chenye nguvu, na aache kutembeza kwa miezi ya mwanzo. Kasi ya kutembeza haina faida kwenye bunduki ambayo hopa yake haina mota.

Hopa ndiyo kikomo cha kweli. Hopa ya kawaida hutegemea vidonge kushuka kwa uzito wao, na kila kimoja ni takriban gramu 3 tu. Ukifyatua mfululizo vinabanana shingoni, bolti inarudi na kukuta kidonge hakijafika, au kimefika nusu. Kidonge kilichofika nusu ndicho kinachokatwa. Tikisa bunduki kidogo kila baada ya milio mitano au sita, na usikie vidonge vikigongana. Hesabu nyingine ya kukumbuka: kwa vidonge 8 kwa sekunde hopa ya 200 inaisha kwa sekunde 25. Kwa 3 kwa sekunde inapita dakika moja.

Pale kidole hakina kosa

Kuna siku bunduki hupiga mfululizo yenyewe ukivuta mara moja. Watu husema triga imeharibika. Mara nyingi ni gesi. Nyundo inahitaji msukumo wa kutosha kurudi hadi nyuma ya kikamatio. Shinikizo likishuka inarudi pungufu, haikamatwi, springi inaitupa mbele tena, inagonga vali tena, na mchezo unaendelea mpaka gesi iishe.

Bunduki zinazotumia kabonidayoksaidi hupatwa na hili zaidi, kwa sababu shinikizo la mtungi wake hufuata joto. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi ni karibu bar 45, kwenye 20 karibu bar 57, kwenye 30 karibu bar 72. Fikiria basi asubuhi ya Julai Nakuru, joto likiwa karibu nyuzi 10, na alasiri ya Kisumu ikifika 30. Bunduki ileile, mtungi uleule, lakini nguvu tofauti kabisa. Anayepanga kasi ya vidonge asubuhi Nakuru na kucheza saa nane mchana bila kupima tena anaweza kuwa amevuka kikomo cha usalama, ambacho kwenye viwanja vingi ni futi 280 kwa sekunde, sawa na mita 85, na hakipaswi kuzidi futi 300. Pima kwa kipima kasi kila jua linapopanda. Pia, ukifyatua haraka gesi ya kimiminika inachemka na kuchukua joto la mtungi. Mtungi unaganda mkononi, shinikizo linaanguka, vidonge vinaanza kudondoka mbele yako. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwa mdundo wa wastani. Mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, wenye kidhibiti chake, hauna tabia hii, na kama uwanja unakupa uchaguzi, chagua huo.

Bunduki ikianza kupiga yenyewe, elekeza mtutu ardhini mahali pasipo na mtu, kamata mkono wa kukokia na uuvute nyuma mpaka nyundo ishikwe. Kufuli ya usalama peke yake haisaidii wakati huo. Yenyewe huzuia triga, na triga si tatizo tena. Nyundo ikishashikwa ndipo ufunge kufuli, uvalishe soksi na uondoe mtungi.

Vumbi la Nakuru nalo linastahili kutajwa. Udongo wa volkeno kule ni mwepesi na mkavu, ukilala kifudifudi mara mbili tatu umeshaingia kwenye kasha la triga. Ukichanganyika na mafuta mengi unakuwa tope la kusaga chuma, na triga inarudi polepole kuliko kidole. Tone moja la mafuta kwenye kikamatio na pini zake linatosha, futa yanayozidi. Kisumu tatizo linageuka: unyevu wa ziwani huvimbisha vidonge, kwa kuwa ganda lake ni jelatini inayokunywa maji. Kidonge cha kipenyo cha milimita 17.3 kikivimba kidogo tu, kinakwama shingoni au kinapasuka mtutuni. Funga mfuko wake mara unapotoa unavyohitaji, na usiuache kwenye buti la gari juani.

Skrubu za triga

Bunduki kadhaa zina skrubu ndogo za kupunguza ulegevu wa mbele na ziada ya nyuma. Anza na ya nyuma. Koki bila gesi wala vidonge, vuta mpaka nyundo iachiwe, kaza skrubu mpaka iguse triga, kisha irudishe robo mzunguko. Robo hiyo ni muhimu: uchafu kidogo au joto vikibadilisha vipimo, triga bado itafika. Skrubu ya mbele iguse kwa tahadhari kubwa zaidi. Ukiikaza mno, triga haitarudi hadi kukishika kikamatio, au kikamatio kitakuwa kimeshika nyundo kwa ncha tu, na bunduki itafyatuka ikigongwa. Baada ya kurekebisha, koki tena na upige kitako kwa kiganja mara kadhaa. Nyundo ikiachiwa, legeza. Mfupi si lazima uwe mzuri. Mvuto mfupi usio salama hauruhusiwi uwanjani.

Kuna pia vifaa vinavyotumia gesi ya ziada kuisukuma triga irudi yenyewe kwenye kidole. Vinaongeza kasi kweli, lakini mashindano mengi ya bunduki za kimakanika huvikataza, kwa kanuni ya mvuto mmoja mlio mmoja. Anayetaka kujifunza aviache.

Vidonge 100 vya mazoezi

Mazoezi ya bila gesi fanya kwanza, hata dakika kumi jioni. Ukifika uwanjani, chukua vidonge 100 na karatasi ya ukubwa wa kifua, uibandike mita 15 mbali. Thelathini za kwanza piga kimoja kimoja, ukiishikilia triga nyuma baada ya kila mlio, uone kidonge kimetua wapi, ndipo uachie mpaka kituo cha marejeo. Hatua hii inachosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Arubaini zinazofuata piga kwa mapigo ya programu ya metronomu kwenye simu: mapigo 120 kwa dakika ni vidonge 2 kwa sekunde, 180 ni vidonge 3. Usipande 180 mpaka vidonge kumi mfululizo vimetoka bila mvuto mtupu hata mmoja. Ukifika 240 ukaona vinatawanyika, rudi chini.

Thelathini za mwisho ni za kuchungulia. Simama nyuma ya kinga, tangulia kuweka bunduki begani, toka kwa bega na jicho moja tu, piga viwili, rudi. Vidole huanza kupitisha ulegevu wakati unatoka, ili mlio uje mara mdomo unapotulia, si unapokuwa bado unasogea. Kwa mtu anayekimbia kumbuka kwamba kidonge huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika mita 20, na anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa amesogea mita moja na nusu. Lenga mbele yake kwa kiasi hicho na uendelee kumfuata wakati unavuta. Wengi husimamisha mtutu wanapovuta na kupiga alipokuwa.

Anayedhani haya yote ni polepole mno kwa mchezo wa kasi na aangalie mwanzo wake. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, na watu 12 waliobeba Nel-Spot 007, bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na mifugo, za kukokiwa kwa mkono kwa kila kidonge. Mshindi, Ritchie White, alikusanya bendera zilizohitajika ili kushinda bila kufyatua hata mara moja.

Baada ya mchezo, ukishatoa mtungi na hopa, fungua kasha la triga angalau kila baada ya siku kadhaa za uwanjani na utazame kikamatio kwenye mwanga. Ukingo wake unapaswa kuwa mkali na ulionyooka. Ukiwa umeviringika, nunua kingine; ukiunoa kwa tupa utabadilisha pembe yake na kula ile ngozi ngumu ya nje ya chuma, na katika michezo michache nyundo itaanza kuponyoka bila kuguswa.